Maswali na Majibu: The Halcyon na hoteli za London wakati wa mabomu

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu The Halcyon, tamthilia ya kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza kuhusu hoteli ya kifahari jijini London mwaka 1940. Kwa ambaye hajaiona: ina msimu mmoja tu wa vipindi 8, vilivyorushwa kila Jumatatu usiku kuanzia tarehe 2 Januari hadi 20 Februari 2017. Meneja wa hoteli ni Bwana Garland, anayeigizwa na Steven Mackintosh. Mwenye hoteli ni Lord Hamilton (Alex Jennings). Mkewe, Lady Hamilton (Olivia Williams), na meneja huyo hawapikiki chungu kimoja.

Wasomaji wamegawanyika. Wapo wanaoiona ya polepole na ya kizamani, na wapo wanaosikitika kwamba iliachwa njiani. Sisi tumo katika kundi la pili, ingawa si kwa kila kitu. Ambaye hajaanza kutazama ajue kwamba majibu kadhaa yanataja mambo yanayotokea ndani ya hadithi.

SWALI: Mhariri, salaam. Nimetazama vipindi vitatu nikaishia hapo. Kwangu hii ni ile tamthilia ya jumba la kabaila, Downton Abbey, iliyohamishiwa hotelini: matajiri ghorofani, watumishi chini, mapenzi katikati. Nitakosa nini nikiacha?

JIBU: Salaam, ndugu yetu. Lawama hiyo ndiyo inayotufikia zaidi, na nusu yake ni kweli. Tabaka la juu na la chini yapo, mavazi ya kumeremeta yapo, na ITV ilikuwa imeimaliza Downton mwishoni mwa 2015 tu, kwa hiyo huwezi kulaumiwa kwa kufananisha. Lakini jumba la kabaila na hoteli ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa tamthilia hii. Kwenye jumba la kabaila haingii mtu bila kualikwa. Hotelini anaingia yeyote mwenye fedha ya chumba, au hata ya glasi moja ya kinywaji, na mwenye mali hana budi kumchekea.

Mwaka wenyewe unaongeza uzito. London ya 1940 ilijaa watu waliokimbia majeshi ya Ujerumani na Italia, na wenye uwezo walifikia hotelini. Mfalme Zog wa Albania na familia yake walikaa Ritz. Waandishi wa habari wa Marekani waliipenda Savoy. Ndiyo maana katika baa moja ya The Halcyon unawakuta mtangazaji wa Kimarekani Joe O'Hara (Matt Ryan), rubani wa jeshi la anga, kijana wa wizara ya vita na wageni ambao hujui wako upande wa nani. Kuwakutanisha watu hao kwenye jumba la shambani kungehitaji visingizio vinne. Hapa kiu inatosha.

Jambo la pili ni kazi. Garland hana ukoo wala ardhi. Nguvu yake yote ni kujua: nani analala chumba gani, nani hajalipa, nani kaingia na nani. Hesabu ni mara ngapi anamzidi Lady Hamilton bila kupaza sauti, kwa sababu tu anajua jambo ambalo bibi huyo hangependa lijulikane. Mvutano wa hao wawili ndio bora kuliko yote katika vipindi 8, na Olivia Williams anaubeba kwa namna inayomfanya mtazamaji amchukie mama huyo na kumwonea huruma katika tukio hilohilo.

Pale ulipopatia ni kwenye mapenzi. Pembetatu ya Emma, Freddie (rubani, mtoto wa Lord Hamilton) na Joe inachukua muda mwingi kuliko inavyostahili. Emma (Hermione Corfield), binti wa Garland, ana kazi ya maana pale hotelini na anaijua. Kila hadithi inapomtoa kazini ili aamue kati ya wanaume wawili, kipindi kinapoa. Ushauri wetu: vumilia hadi mabomu yaanze kuanguka London. Vipindi vya mwanzo vinakuonyesha nyumba ilivyopangwa, na bila hivyo usingeumia inapotikiswa.

SWALI: Kipindi cha kwanza kinaanza na hoteli ikipigwa bomu, halafu ghafla watu wanacheza dansi kana kwamba hakuna vita. Nimepotea. Tukio lipi linatangulia?

JIBU: Tukio la bomu ni la Novemba 1940. Linaonyeshwa kwanza, kisha hadithi inarudi nyuma hadi Mei na kusogea polepole kuelekea usiku huo. Andika tarehe hizi kwenye karatasi uiweke kando ya kiti. Tarehe 10 Mei Ujerumani inavamia Uholanzi na Ubelgiji, na siku hiyohiyo Churchill anakuwa waziri mkuu. Kati ya 26 Mei na 4 Juni askari zaidi ya 338,000 wanaokolewa kwa meli na mashua kutoka Dunkirk. Tarehe 10 Juni Italia inaingia vitani upande wa Ujerumani, na tarehe 14 Paris inatekwa. Kuanzia 10 Julai marubani wa Uingereza wanapigania anga la nchi yao, na hapo ndipo maisha ya Freddie yanapokuwa hatarini kila asubuhi. Tarehe 7 Septemba mashambulizi ya usiku dhidi ya London yanaanza, na yanaendelea hadi Mei 1941.

Kwa hiyo dansi ya Mei si kosa la waandishi. Uingereza ilikuwa vitani tangu 3 Septemba 1939, lakini kwa miezi minane jiji la London lilikuwa halijaonja mabomu. Lilionja giza. Amri ya kuzima taa zote za nje na kuziba madirisha ilianza tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya vita kutangazwa. Kwa hoteli hilo lilikuwa tatizo la kila dakika, maana mlango wa mbele haufungwi. Dawa yake ilikuwa kuweka pazia zito nyuma ya mlango na jingine hatua chache ndani, ili mgeni apite la kwanza, lishuke nyuma yake, ndipo afunue la pili. Kwenye madirisha angalia vipande vya karatasi vilivyogundishwa kwa mkato wa msalaba. Havizuii kioo kuvunjika, vinazuia vipande visiruke ndani ya chumba. Ukiona tamthilia yoyote ya London ya 1940 yenye dirisha tupu linalotoa mwanga barabarani usiku, hapo wameteleza.

SWALI: Mimi nimekerwa na chakula. Vita vimepamba moto, wananchi wana vitabu vya kuponi, halafu hawa wanakula samaki na ndege na kunywa shampeni! Je, si uongo wa televisheni?

JIBU: Si uongo, dada. Ni ukweli, na uliwakera watu wa wakati huo kama unavyokukera wewe.

Mgawo wa chakula ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa vitu vitatu: nyama ya nguruwe ya bekoni, siagi na sukari. Mtu mmoja alipata kwa wiki bekoni aunsi 4, yaani kama gramu 113, siagi kiasi hichohicho, na sukari aunsi 12, yaani kama gramu 340. Nyama ya kawaida iliingizwa Machi, ikipimwa kwa bei badala ya uzito. Chai iliingia Julai, aunsi 2 kwa wiki, ambazo hazifiki gramu 60. Lakini samaki, kuku na ndege wa kuwindwa hawakuwekwa kwenye mgawo kamwe. Vilikuwa adimu na ghali, basi. Mwenye fedha alivipata, na jiko la hoteli kubwa lilikuwa na fedha.

Kuna la pili: aliyekula mkahawani hakukatwa kuponi. Tajiri aliweza kumaliza mgawo wake nyumbani, kisha akatoka kwenda kula chakula cha jioni hotelini bila kupunguziwa chochote. Serikali ilijaribu kubana. Mwaka huohuo wa 1940 ilizuia mlo mmoja kuwa na sahani kuu zaidi ya moja, yaani ukila samaki huli nyama. Mwaka 1942 ikaweka kikomo cha bei: mlo usizidi shilingi 5 za Kiingereza, ambazo zilikuwa robo ya pauni, na usizidi sahani tatu, moja baada ya nyingine. Hata hapo hoteli za kifahari ziliruhusiwa kuongeza ada ya nyumba, na divai ilitozwa kando. Kwa vile The Halcyon inaishia 1940, kikomo hicho cha shilingi 5 hukisikii kikitajwa, na ni sahihi kisitajwe.

Tunachowalaumu watengenezaji ni jambo jingine: jiko halipewi nafasi ya kutosha. Hiyo ndiyo sehemu ya hoteli iliyoishi na vita saa kwa saa. Siagi inapungua, sukari inapungua, mpishi bado anadaiwa orodha ya vyakula isiyoaibisha jina la nyumba. Hapo palikuwa na hadithi nzima, na kamera inapita haraka.

SWALI: Je, ni kweli hoteli zilikuwa na mahandaki ya kulala wageni? Na watu wa kawaida walijificha wapi?

JIBU: Ni kweli. Hoteli zenye vyumba vya chini ya ardhi ziliviimarisha kwa nguzo na mifuko ya mchanga, zikapanga vitanda na kuweka wahudumu wa usiku. Dorchester, iliyofunguliwa 1931 na kujengwa kwa zege lenye vyuma, ilisifiwa kuwa miongoni mwa majengo imara kuliko yote London. Lord Halifax, waziri wa mambo ya nje, alikuwa mmoja wa waliohamia huko.

Wakati huohuo mitaa ya mashariki ya jiji, penye bandari na viwanda, ndiyo iliyopigwa vibaya zaidi, na mahandaki yake yalikuwa dhaifu. Usiku wa tarehe 14 Septemba 1940, wiki moja baada ya mashambulizi kuanza, wakazi kama 80 wa Stepney, mojawapo ya mitaa hiyo, wakiwamo watoto, waliingia Savoy na kudai nafasi kwenye handaki la hoteli. Aliyewaongoza ni Phil Piratin, diwani wa chama cha Kikomunisti. King'ora kilikuwa kimelia, na mtu haondolewi handakini mashambulizi yakiendelea, kwa hiyo menejimenti ikaona heri iwaache. Wahudumu wakawaletea chai na mkate wa siagi baada ya kukubaliana bei ndogo. Kilipolia king'ora cha hali shwari wakaondoka kwa utulivu. Muda mfupi baadaye serikali iliacha kupinga watu kulala kwenye stesheni za reli za chini ya ardhi.

Tukio hilo linaonyesha kwa nini hoteli ni mahali pazuri pa kusimulia vita hivyo. Paa moja, bomu moja, na swali la nani ana haki ya kushuka ngazi. The Halcyon inaligusa swali hilo, ila kwa tahadhari mno kwa maoni yetu. Hofu ya wageni inaonyeshwa vizuri. Hasira ya walioko nje inasikika kwa mbali.

SWALI: Nimevutiwa na chumba cha simu anakofanya kazi Peggy. Zile waya zinafanya kazi vipi, na je, kweli aliweza kusikiliza mazungumzo ya wageni?

JIBU: Aliweza, na waandishi wamelitumia hilo ipasavyo.

Swichibodi ya hoteli ya wakati ule ni ubao wenye safu za matundu. Kila chumba kina tundu lake na taa ndogo au kibati kinachoanguka mgeni anapoinua simu. Kwenye meza mbele ya mhudumu kuna waya zilizopangwa kwa jozi. Taa ya chumba ikiwaka, anachomeka waya ya nyuma ya jozi kwenye tundu la chumba hicho, anasukuma swichi ya jozi hiyo upande wa kuongea, anauliza mgeni anataka nani. Kisha anachomeka waya ya mbele kwenye tundu la chumba kingine, au la laini ya nje, anapiga kengele, na upande wa pili ukijibu anairudisha swichi katikati. Hapo wageni wanaongea na yeye ametoka. Asipoirudisha, yumo. Mazungumzo yakiisha, ishara ya kukata inatokea mbele yake naye anachomoa waya zote mbili.

Makosa ya kawaida yalitokana na mpangilio huo. Waya ya jozi moja ikichanganywa na ya jozi nyingine, mgeni anajikuta akisikia mambo ya watu asiowajua. Waya ikisahaulika tunduni, chumba kinaonekana kina shughuli usiku kucha. Na kwa kuwa kila simu ya nje lazima ipitie mikononi mwa mtu, mhudumu alijua nani anampigia nani na saa ngapi hata bila kusikiliza neno. Wakati wa vita taarifa kama hiyo ina thamani. Ukitazama tena, mwangalie Liz White (ndiye Peggy) kwenye matukio ya simu. Anaifanya kazi hiyo kama mtu aliyeizoea, jambo ambalo waigizaji wengi wa tamthilia za kihistoria hushindwa.

SWALI: Kiongozi wa bendi ni mtu mweusi na anaheshimiwa. Rafiki yangu anadai hilo limepachikwa kufurahisha watazamaji wa leo. Mnasemaje?

JIBU: Rafiki yako asome kuhusu Ken Johnson. Alizaliwa British Guiana, ambayo leo ni Guyana, akawa mcheza dansi na kisha kiongozi wa bendi ya wanamuziki wengi waliotoka visiwa vya Karibi. Kufikia 1940 bendi yake ilikuwa ikipiga Café de Paris, ukumbi wa wenye nazo katikati ya London, na muziki wake ulisikika kwenye redio ya BBC. Ukumbi huo ulikuwa chini ya ardhi, chini ya jengo la sinema, na ulijitangaza kuwa mahali salama pa kucheza wakati wa mashambulizi. Usiku wa 8 Machi 1941 mabomu mawili yalipenya hadi ndani. Watu wasiopungua 34 walikufa, Johnson akiwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Sonny Sullivan (Sope Dirisu) si nakala ya Johnson, lakini nafasi anayoishika ilikuwapo. Ambalo tamthilia ingeweza kulikaza zaidi ni kwamba kushangiliwa jukwaani hakukumaanisha kukaribishwa mezani. Wanamuziki weusi walipiga kwenye kumbi ambazo wao wenyewe wasingepewa chumba. Kuna matukio yanayoligusa hilo, nayo ni mazuri. Tungetaka zaidi.

Kuhusu muziki wenyewe: Kara Tointon, anayeigiza mwimbaji Betsey Day, anafaa sana kwenye nafasi hiyo, na bendi inapewa muda wa kupiga kipande kirefu badala ya kusikika nyuma ya mazungumzo. Mtu asiruke nyimbo. Mara nyingi jambo kubwa la kipindi linatokea usoni mwa anayesikiliza.

SWALI: Je, hadithi ya Adil na Toby ingewezekana kweli mwaka 1940?

JIBU: Ingewezekana, na hatari yake ilikuwa kama inavyoonyeshwa. Adil (Akshay Kumar) ni mhudumu mkuu wa baa mwenye asili ya India. Toby (Edward Bluemel) ni mtoto wa Lord Hamilton na anafanya kazi wizara ya vita. Sheria ya Uingereza ya 1885 iliwahukumu wanaume waliokutwa na uhusiano wa kimapenzi wao kwa wao kifungo cha hadi miaka miwili pamoja na kazi ngumu, hata kama ulikuwa wa siri na wa hiari. England na Wales zililegeza sheria hiyo mwaka 1967 tu. Kwa hiyo anayejua siri alikuwa ameshika kisu. Katika tamthilia siri inatumiwa kuwabana watoe habari, na huo ndio mpango wa ujasusi unaoaminika kuliko mingine yote humu, kwa sababu hauhitaji vifaa vya ajabu. Unahitaji mtu mwenye cha kupoteza.

Waigizaji hawa wawili wamefanya kazi ya kutulia. Wanasimama mbali, wanaongea machache, na kaunta ya baa iko katikati yao karibu kila mara. Kati ya mapenzi yote ya tamthilia hii, haya ndiyo yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa.

SWALI: Freddie na Toby ni pacha. Kwa nini mmoja anarithi kila kitu?

JIBU: Kwa desturi ya makabaila wa Uingereza cheo hakigawanywi. Kinakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na mali iliyofungamanishwa na cheo inakifuata. Kwa pacha, aliyetangulia kutoka ndiye mkubwa, hata kwa dakika chache. Lord Hamilton anapofariki mwanzoni mwa hadithi, Freddie (Jamie Blackley) anakuwa Lord Hamilton papo hapo, na hoteli inakuwa mikononi mwa kijana anayerusha ndege za kivita na anayeweza kufa kabla ya jioni. Uchungu wa Toby una mzizi hapo, na wala hauhitaji ubaya wa mtu yeyote.

SWALI: Msimu wa pili utatoka lini?

JIBU: Hautatoka. ITV ilitangaza mwaka huohuo wa 2017 kwamba haitaendelea. Kwa hiyo anayeanza sasa ajue kabisa: kipindi cha 8 kinafika kwenye ule usiku wa bomu, lakini kiliandikwa na watu waliotarajia kuendelea, na maswali kadhaa yanabaki wazi. Kwetu hilo si sababu ya kutoitazama. Bali ni sababu ya kutoahirisha vipindi viwili vya mwisho; vitazame siku moja, mfululizo, maana cha 7 kinakaza kamba na cha 8 ndicho kinachoikata.

SWALI: Nimemaliza The Halcyon na nataka nyingine ya hoteli ya zamani ya Kiingereza. Nianze na ipi?

JIBU: The Duchess of Duke Street, bila kusita. Ni ya BBC, ilirushwa 1976 na 1977, vipindi 31 katika misimu miwili: 15 na 16. Gemma Jones ni Louisa, msichana wa jikoni anayejifunza upishi hadi kuwa na hoteli yake. Hadithi inaanza 1900 na kufika miaka ya 1920. Msingi wake ni maisha ya Rosa Lewis, aliyezaliwa 1867, mpishi aliyesifiwa na mfalme Edward wa Saba, ambaye mwaka 1902 aliichukua hoteli ya Cavendish katika mtaa wa Jermyn na kuiendesha hadi alipofariki 1952.

Kila tulicholalamikia kuhusu jiko la The Halcyon kinapatikana humu. Louisa anaonekana akinunua, akipanga sahani, akikosana na wauzaji, akijua gharama ya kila kitu. Anaharibikiwa kwa sababu zinazoeleweka: mume na shemeji wanaotumia fedha ya biashara kama ya kwao, wageni wa kifahari wasiolipa bili, na deni linalolimbikizana kimyakimya. Biashara ya hoteli ilivyo, hasara huingia kwa mlango wa wageni wanaoheshimiwa mno kuulizwa.

Maonyo mawili ya kiufundi, maana tumepokea malalamiko ya watu wanaodhani wameuziwa nakala mbovu. La kwanza: matukio ya ndani yalirekodiwa studio kwa kanda ya video, na ya nje kwa filamu. Ndiyo sababu mtu akitoka mlangoni picha inabadilika ghafla, inakuwa na chembechembe na rangi yake inapoa. Tamthilia nyingi za BBC za miaka hiyo ziko hivyo. Usihangaike na mipangilio ya rangi. La pili: picha yake ni ya umbo la 4 kwa 3. Televisheni ya leo ni 16 kwa 9, na ikiachiwa ijaze kioo kizima itawanenepesha watu wote kwa theluthi moja, au itazidisha ukubwa na kukata robo ya urefu wa picha, juu na chini, pamoja na vichwa. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta uwiano, chagua 4:3 au picha asilia, ukubali nafasi nyeusi pembeni. Ukiona mistari kama meno ya kitana watu wanapotembea, unatazama kwa kompyuta. Washa chaguo la kuondoa mistari kwenye programu ya kuchezea video. Na anayenunua diski ya Uingereza ahakikishe kichezeshi chake kinakubali diski za eneo la 2 (Region 2).

Hotel Portofino ni nyepesi zaidi: misimu mitatu ya vipindi 6 tangu 2022, Mwingereza Bella Ainsworth (Natascha McElhone) akiendesha hoteli pwani ya Italia wakati wa utawala wa Mussolini, kuanzia 1926. Sehemu kubwa ilipigwa Kroatia. Mandhari ni ya kupendeza, na vitisho vya kiongozi wa mji vinaandikwa vizuri kuliko hadithi zake za mapenzi. Ianze baada ya ile ya BBC.

SWALI: Muziki wa The Halcyon unafunika maneno, siwasikii wanachosema. Nifanyeje?

JIBU: Mara nyingi kosa ni la mpangilio wa sauti. Nakala yenye sauti ya spika sita huweka maneno kwenye spika ya katikati, na kama televisheni yako ina mbili tu, sauti ya katikati hudhoofika zinapochanganywa. Kwenye menyu ya tamthilia chagua sauti ya stereo kama ipo. Kama haipo, ingia kwenye mipangilio ya televisheni au kichezeshi na uweke sauti inayotoka iwe stereo au PCM. Zima sauti ya kuzunguka ya bandia. Washa kikuza maneno au hali ya usiku, ambayo hushusha kelele na kuinua minong'ono. Maandishi ya chini yaliyoandaliwa kwa wasiosikia vizuri yanasaidia pia, hasa matukio ya baa, ambapo bendi inapiga na watu watatu wanaongea kwa wakati mmoja.